Wakala amenikata bei, mteja adai nimetumia mashine: nifanyeje?

Washauri wapendwa,

Naandika kutoka Likoni, Mombasa. Nina miaka 41, na kwa miaka tisa riziki yangu imetoka kwenye kutafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili pamoja na unukuzi: watafiti hunitumia rekodi za mahojiano, nami husikiliza na kuandika neno kwa neno. Nyumbani nina vijana wawili wa sekondari na mama mzazi.

Ndani ya miezi minne yamenifika matatu. La kwanza, wakala anayenipa kazi nyingi, aliyekuwa akinilipa shilingi 5 kwa neno, ameniambia sasa tafsiri itafanywa na akili unde (AI) na mimi nitakuwa "napitia tu" kwa shilingi 2. Amenipa hadi mwisho wa mwezi kujibu. La pili, mteja mwingine nilimtafsiria fomu za utafiti wa afya, kurasa 22, bila kugusa mashine yoyote. Akazipitisha kwenye programu ya kugundua maandishi ya AI, ikamwambia asilimia 78 ni ya mashine. Amezuia pesa zangu. Nimeapa, hasikii. La tatu, kuna mtu kanitafuta kwa WhatsApp, ataka makala 30 za afya kwa siku: mashine iandike, mimi ninyooshe Kiswahili, kisha juu liwekwe jina na picha ya daktari asiyekuwepo. Malipo yake yanazidi ya wakala.

Jirani aniambia niache, nifungue duka la mitumba. Kijana wangu asema nikubali yote na niitumie mashine kimyakimya. Je, kazi hii imekufa? Na nitamthibitishiaje mtu kwamba nimeifanya kwa mkono wangu?

Mfasiri wa Likoni

*

Dada yetu wa Likoni,

Pole sana. Mambo yako matatu yanaonekana mbalimbali, lakini yote yamefungwa kwa kamba moja: nani anabeba dhamana ya maneno yaliyoandikwa. Tuanze na la mwisho, maana ndilo lenye haraka.

Huyo wa makala 30, mkatalie leo. Piga hesabu: ukikaa kazini saa 8, makala 30 ni dakika 16 kila moja. Dakika 16 zatosha kurekebisha ngeli na kunyoosha sentensi zilizopinda. Hazitoshi kukagua kipimo cha dawa hata kimoja. Chukua maji ya sukari na chumvi ya mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mashine ikibadilisha sukari na chumvi nafasi, sentensi itabaki na Kiswahili fasaha kabisa, na mama atakayeifuata atamnywesha mwanawe kitu cha kumuua. Atamuuliza nani? Daktari wa kwenye picha hayupo. Kwa miaka mingi watu wetu wameutilia shaka ujumbe wa utapeli kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Huyo bwana anataka kukulipa uiondoe dalili hiyo hasa, ili msomaji abaki hana cha kumshtua.

Sasa wakala. Usimjibu ndiyo wala la kabla ya kupima. Chukua maneno 600 ya aina anayokuletea kwa kawaida. Maneno 300 ya kwanza yatafsiri mwenyewe tangu mwanzo, saa ikiwa mezani. Maneno 300 ya pili yapitishe kwenye mashine, kisha yahariri mpaka uwe tayari kutia sahihi yako chini yake. Andika dakika za kila upande. Tuseme ya kwanza yamekuchukua saa nzima: kwa shilingi 5, saa yako imeingiza shilingi 1,500. Tuseme ya pili yamekuchukua dakika 40, yaani kasi ya maneno 450 kwa saa. Kwa shilingi 2, saa hiyo inakupa 900. Ili urudi kwenye 1,500 unahitaji karibu shilingi 3.35 kwa neno. Ukitaka shilingi 2 zikutoshe, itabidi uhariri maneno 750 kwa saa, na kwa kasi hiyo mtu hahariri, anapitisha macho tu.

Rudia kipimo hicho kwa maandishi ya aina mbili tatu. Barua ya kawaida ya ofisi hutoka mashineni ikiwa karibu kukamilika. Mkataba, fomu ya hospitali au hati ya mirathi mara nyingi huchukua muda uleule, na pengine zaidi, kwa kuwa unasoma mara mbili: unasoma asili, unasoma mashine, kisha unavunja na kujenga upya. Kwa hiyo bei moja kwa kila kitu usiikubali. Kazi nyepesi ilipwe kwa neno, nzito kwa saa.

Neno "kupitia tu" linatoka kwa mtu asiyejua kinachoharibika. Mashine za kutafsiri za zamani zilijikwaa waziwazi, kosa likaonekana kutoka mbali. Hizi za sasa huchagua neno linaloelekea zaidi kufuata yaliyotangulia, na zimelishwa Kiswahili kidogo mno kikilinganishwa na Kiingereza. Pasipojulikana hazinyamazi, hubahatisha kwa ufasaha. Jicho la mhariri hulainika kwa ulaini wa sentensi, na kosa linapita. Ndiyo maana tunasisitiza usianze kusoma Kiswahili cha mashine. Soma asili kwanza, aya nzima, ujue inasema nini, ndipo utazame mashine imesemaje.

Haya ndiyo ya kuyawinda. Saa kwanza. Mgonjwa ameandikiwa kwa Kiingereza ameze kidonge saa 8 za usiku za Kizungu, yaani saa 2 usiku kwetu. Mashine ikiiacha 8 ilivyo, mgonjwa wa Likoni ataamka saa 8 za usiku, wakati kitabu cha dawa kinahesabu hiyo kuwa saa 2 za alfajiri. Hata "kila baada ya saa 12" ikipoteza "kila baada ya", dawa ya mara mbili kwa siku imekuwa ya mara moja, jua linapozama.

Pili, ruhusa na uwezekano. Kiingereza hutumia maneno yaleyale, "may not", kusema "huenda asifanye" na "haruhusiwi kufanya". Wewe uko Mombasa, unajua ni mabinti wangapi hupita hapo na mikataba ya kazi za nyumbani ya Saudia na Qatar. Kifungu kinachomkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, mashine inaweza kukitoa hivi: "Mwajiri anaweza asishikilie pasipoti ya mfanyakazi." Sentensi haina kosa la sarufi, ila katazo limegeuka hiari ya mwajiri. Inayotakiwa ni: "Mwajiri haruhusiwi kushikilia pasipoti ya mfanyakazi." Mhariri wa shilingi 2 ataiona ya kwanza, ataona inasomeka, ataendelea. Binti atatia sahihi.

Tatu, ukoo. Kiingereza kina neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Katika barua ya mapenzi haina neno. Katika hati inayokwenda mahakama ya kadhi ni jambo jingine: ndugu wa baba yumo katika asaba, yaani jamaa wa upande wa baba wanaochukua urithi uliobaki, anaweza kurithi kwa nafasi hiyo, na ndugu wa mama hayumo. Mashine haiwezi kujua ni yupi, kwa kuwa asili haikusema. Wewe pia huwezi kujua, lakini unaweza kupiga simu ukauliza, na simu hiyo ndiyo kazi yako. Wifi na shemeji ni vivyo hivyo. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza tatizo hugeuka: "yeye" wetu hana jinsia, na mashine humpa muuguzi uke na daktari uume bila kuulizwa.

Mengineyo hayahitaji maelezo marefu: tarakimu, majina, vikanushi, na sentensi zilizoachwa. Hesabu aya za asili na za tafsiri kabla ya lolote.

Kwenye unukuzi jihadhari zaidi. Msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, akisema "ndoo hapa", mashine iliyozoea Kiswahili cha redio huandika chombo cha maji, kumbe mtu anaita mwenzake aje. "Ndia" yake, yaani njia, nayo hubandikwa neno jingine kabisa. Ukimya ndio wenye hatari kubwa. Mzungumzaji anaponyamaza au upepo unapovuma, baadhi ya programu hujaza pengo kwa sentensi za kubuni. Watafiti wa Marekani walioichunguza programu ya Whisper kwa rekodi za Kiingereza walieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilipata maneno ambayo hakuna mtu aliyeyatamka, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wazungumzaji wenye vituo virefu. Kwa hiyo, kila palipo na kituo kinachozidi sekunde 3, rudisha nyuma na usikilize mwenyewe. Saa moja ya rekodi safi huhitaji takriban saa 4 kunukuliwa kwa mkono. Rasimu ya mashine hupunguza muda huo pale sauti ilipo safi na mzungumzaji ni mmoja; kwenye kikao cha watu sita ufuoni, mara nyingi ni nafuu kuanza upya.

Tuje kwa mteja aliyezuia pesa. Programu aliyoitumia haina namna ya kujua nani aliandika. Kwa kawaida hupima jinsi maneno yanavyotabirika: yakifuatana kwa mpangilio uliozoeleka, huhesabiwa kuwa ya mashine. Fomu ya ridhaa ya utafiti imekusudiwa kuwa sahili na yenye kurudiarudia, hivyo inaweza kushtakiwa hata ikiandikwa na nani. OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, walikuwa na programu yao ya kugundua. Kwa takwimu zao wenyewe ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu, na Julai 2023 wakaiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Ikiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo programu hizo zimeizoea kuliko zote, hali ni hiyo, asilimia 78 ya Kiswahili haiwezi kuwa ushahidi wa kumnyima mtu jasho lake.

Kiapo hakitakusaidia, mwandikie. Mpe maelezo hayo kwa aya moja, kisha mwambie aonyeshe kosa la tafsiri, ukurasa na mstari, nawe utalisahihisha ndani ya siku 5 bila malipo. Ambatisha ulichonacho: rasimu za tarehe mbalimbali, historia ya mabadiliko ya faili, orodha ya istilahi ulizoamua, na maswali uliyomuuliza wakati wa kazi. Kama hukuweka rasimu, jitolee kupiga simu ya video ya dakika 30 umweleze kwa nini ulichagua neno hili na si lile kwenye kurasa atakazochagua yeye. Aliyetafsiri mwenyewe hujibu maswali hayo bila kupapasa.

Kuanzia kazi ijayo, linda mlango kabla mwizi hajaja. Washa historia ya mabadiliko tangu neno la kwanza, hifadhi nakala mpya kila siku ya kazi, na chukua arbuni ya asilimia 40 hadi 50 kwa mteja mpya. Kwenye makubaliano weka kifungu kifupi: "Matokeo ya programu ya kugundua AI hayatakuwa sababu ya kuzuia malipo. Malalamiko yataonyesha makosa mahususi ndani ya siku 14."

Kijana wako asema uitumie kimyakimya. Hapo tunamkatalia, ingawa tunajua anakuhurumia. Ukificha leo, siku mteja akigundua, kazi zako zote za miaka tisa zitatiwa shaka kwa mpigo. Tena kuna sheria. Fomu za wagonjwa zina taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Ukizibandika kwenye programu ya bure ya intaneti, umezitoa nje ya mikono uliyokabidhiwa. Pata kibali cha maandishi cha mteja, au futa majina, namba za kitambulisho, simu na vijiji kabla ya kubandika chochote. Kisha mwambie mteja kazi ni ya daraja gani: imetafsiriwa na mtu peke yake, mashine imetoa rasimu na mtu amelinganisha kila sentensi na asili, au mashine imetoa rasimu na mtu amesoma Kiswahili tu. Kila daraja na bei yake, na daraja liandikwe kwenye ankara.

Umeuliza kama kazi imekufa. Sehemu yake imekufa, hatutakudanganya: matangazo ya kawaida, maelezo ya bidhaa na barua pepe za ofisi hazitarudi kwenye shilingi 5. Kilichobaki ni kazi ambayo kosa lake lina mwenyewe. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliikatalia Air Canada ilipodai kwamba programu yake ya kujibu wateja ndiyo iliyokosea na kwamba kampuni isilaumiwe. Dhamana haikuhamia kwenye mashine hata mara moja. Anayeogopa dhamana hiyo ndiye mteja wako: watafiti wanaohitaji fomu za ridhaa, hospitali, mawakili wa mirathi na ardhi, familia zinazopeleka vyeti ubalozini. Watafiti wengi pia huhitaji tafsiri ya kurudi, ambapo mtu wa pili asiyeijua asili huirudisha fomu kwenye Kiingereza ili tofauti zionekane. Tafuta mwenzako mmoja mnayeaminiana, mkaiuze kazi hiyo pamoja.

Utasikia pia kazi za kupima majibu ya mashine kwa Kiswahili. Zipo, na baadhi zina malipo ya haki, lakini uliza mapema: je, jaribio linalipwa, malipo ni kwa saa au kwa kipande, na utaonyeshwa maudhui gani? Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakibagua maandishi ya ukatili kwa ajili ya ChatGPT walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kusoma ukatili kutwa kunaumiza, na una mama na watoto wanaokusubiri jioni.

Duka la mitumba linataka mtaji na miezi ya kungoja. Usilikatae, lakini usilikimbilie kabla ya kumwandikia wakala. Ukishapima, ubadilishe tarakimu ziendane na dakika zako, kisha umtumie haya:

"Nimepima kazi zako tatu za mwisho. Barua na matangazo ya kawaida nitahariri kwa shilingi 3.50 kwa neno. Mikataba, fomu za afya na hati za mahakama nitatafsiri mwenyewe kwa shilingi 5, au nihariri kwa shilingi 1,500 kwa saa na kukuonyesha muda. Kila kazi itakuja na orodha ya makosa niliyorekebisha pamoja na sahihi yangu. Kwa shilingi 2 naweza kusoma Kiswahili tu, bila kulinganisha na asili na bila sahihi yangu, na hilo liandikwe wazi kwenye oda ili mteja wako ajue anachonunua."